Moyo uliochoka hupimwa kama mto

VIATU ndivyo huwa vya kwanza kutoa habari. Makubadhi yaliyokuwa yakiingia mguuni bila shida huanza kubana jioni, na yakivuliwa huacha alama ya ukanda juu ya ngozi. Baada ya wiki kadhaa mto mmoja wa kulalia hautoshi tena. Inatakiwa miwili, kisha mitatu. Mwishowe mgonjwa hulala ameketi, kwa maana akijinyoosha tu pumzi humkatika.

Tuchukue mfano wa mzee mmoja wa kando ya Mto Tana, karibu na mji wa Garsen. Ni mfano tu, lakini huenda msomaji akamtambua, kwani wazee wa aina yake wako katika kila ukoo. Binti yake anafanya kazi Nairobi na humpigia simu kila Jumapili.

"Baba, hiyo miguu ikoje?"

"Alhamdulillahi, mwanangu. Ni uzee tu huu. Mbona mnapenda kujisumbua?"

Pale nyumbani kila mtu ana maelezo yake. Mmoja asema ni maji ya mafuriko ambayo mzee aliyakanyaga msimu uliopita. Mwingine anong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Wa tatu, mwenye nia njema kabisa, anamletea vidonge vya kutoa maji vilivyobaki kwa jirani. Vidonge vinafanya kazi. Mzee anakwenda haja ndogo usiku kucha, miguu inanywea, na nyumba nzima inafurahi. Siku ya nne anainuka kutoka mkekani, kizunguzungu kinamshika, na anaanguka kwa kishindo.

Kosa liko wapi? Vidonge hivyo si sumu, na hospitalini hutolewa kila siku. Kosa ni kwamba tangu viatu vilipoanza kubana hadi mzee alipoanguka, hakuna mtu hata mmoja aliyepima chochote.

Nguzo iliyo majini

Watu wa Garsen ndio wa mwisho kuhitaji kufundishwa faida ya kupima. Tana ndio mto mrefu kuliko yote humu nchini. Huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupitia mabwawa ya kuzalisha umeme kama vile Kindaruma lililokamilika mwaka 1968 na Masinga la 1981, kisha huteremka Garissa, Hola na Garsen hadi kuingia Bahari Hindi karibu na Kipini. Mpokomo alimaye ukingoni na Muorma aletaye ng'ombe wake kunywa wote huishi kwa mto huo, na wote umewahi kuwafukuza. Mafuriko ya 1961, yale ya El Nino ya 1997 na 1998, na yale ya mwishoni mwa 2023 na Aprili na Mei 2024 hayajasahaulika.

Ndiyo sababu kuna vituo vya kupimia mto huko Garissa na Garsen. Mpimaji husoma kimo cha maji kwenye nguzo yenye alama, na wataalamu hupima pia kasi ya maji ili wajue ni kiasi gani kinachopita. Kwa nini wahangaike na vipimo viwili? Kwa sababu kimo peke yake hakisemi yote. Maji yanaweza kupanda kwa kuwa mengi yanateremka kutoka juu, au kwa kuwa huko mbele njia imeziba. Mtu aliyesimama mlangoni pake, maji yakiwa magotini, huona jambo moja tu: maji.

Mwili wa binadamu nao ni hivyo hivyo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Kwa siku nzima hizo ni lita 7,200, sawa na mitungi 360 ya lita 20. Kazi hiyo hufanywa na pampu mbili zilizoungana. Upande wa kulia hupokea damu inayorudi kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni. Upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima.

Daktari akisema moyo umeshindwa kufanya kazi, hana maana kwamba umesimama. Ana maana kwamba hausukumi damu ya kutosha mahitaji ya mwili, au unaisukuma huku shinikizo likipanda nyuma yake kama maji nyuma ya ukuta. Upande wa kushoto ukilemewa, maji hujaa mapafuni na mgonjwa hukosa pumzi. Upande wa kulia ukilemewa, maji hukaa miguuni, tumboni na kwenye ini. Isitoshe, figo zinapopata damu kidogo hudhani mwili umekauka. Basi huzuia chumvi na maji yasitoke, na mafuriko yanazidi.

Kwa hiyo wataalamu huuliza maswali matatu. Shinikizo ni kiasi gani? Damu inayopita ni kiasi gani? Na mishipa inayopitisha damu hiyo imebana au imelegea? Elimu ya kuyajibu maswali hayo kwa namba huitwa hemodinamiki. Jina ni zito, lakini kazi yake ni ile ile ya nguzo ya Garsen.

Kutoka kwa farasi hadi Mulago

Safari ya kuipata namba hiyo ilikuwa ndefu, na wakati mwingine ya kutisha. Kasisi mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, alimfunga farasi jike, akatia bomba mshipani mwake na kuliunga na mrija mrefu wa kioo. Damu ilipanda kwenye mrija huo kwa kiasi cha mita 2.5. Alichapisha habari hizo mwaka 1733.

Mwaka 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alitaka kujua kama mpira mwembamba unaweza kupitishwa mshipani hadi ndani ya moyo wa mtu aliye hai. Hakumtafuta mgonjwa. Aliupitisha kwenye mkono wake mwenyewe, kisha akaenda kwa miguu hadi chumba cha eksirei kupigwa picha kama ushahidi. Baadaye André Cournand na Dickinson Richards wa New York waliutumia mpira wa aina hiyo, uitwao katheta, kupima shinikizo na mtiririko wa damu ndani ya moyo. Wote watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Mwaka 1970 Jeremy Swan na William Ganz wa California walieleza katheta yenye kibofu kidogo nchani, ambacho huchukuliwa na mkondo wa damu kama tanga lichukuliwavyo na upepo hadi kwenye mshipa wa mapafu.

Afrika Mashariki nayo imo katika historia hii. Mwaka 1948 Jack Davies, mtaalamu wa maradhi aliyefanya kazi Kampala, alieleza katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki ugonjwa ambao ngozi ya ndani ya moyo hugeuka kuwa kovu gumu. Mgonjwa huwa na dalili za moyo kushindwa, na mara nyingi tumbo hujaa maji kuliko miguu. Mwaka 1961 Krishna Somers wa Mulago na John Shillingford wa London walichapisha vipimo vya wagonjwa hao vilivyohusu mwendo na shinikizo la damu moyoni.

Shida ya ugonjwa huo haikuwa lazima kwamba moyo umelegea na kushindwa kukaza. Kovu liliuzuia usitanuke, kwa hiyo haukuweza kujaa vizuri, na shinikizo lilibaki juu hata wakati ambapo ulipaswa kupumzika. Kwa macho, mgonjwa huyo na yule ambaye moyo wake umepanuka na kulegea wote wamevimba. Vipimo ndivyo vinavyowatenganisha.

Wanne wanaofanana

Tofauti hiyo ina faida gani kwa mgonjwa? Mwaka 1976 madaktari wa California, Swan akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba watu walioshikwa na shambulio la moyo wanaweza kugawanywa mafungu manne kwa namba mbili tu: shinikizo lililo nyuma ya moyo na kiasi cha damu kinachotoka. Baadaye mpango huo ulitumiwa pia kwa wagonjwa ambao moyo umeshindwa, hata pasipo katheta, kwa kuuliza maswali mawili kando ya kitanda. Je, mgonjwa amefurika au ni mkavu? Je, mikono na miguu yake ina joto au ni ya baridi?

Aliyefurika lakini ana joto bado anapata damu ya kutosha. Huyo hasa ndiye anayefaa dawa ya kutoa maji. Aliyefurika na tena ni wa baridi yuko katika hatari kubwa, na huhitaji hospitali ambako damu yake itasaidiwa kupita huku maji yakitolewa kwa uangalifu. Aliye mkavu na wa baridi huenda ameishiwa maji, na kidonge cha kuyatoa kinaweza kumwangusha. Aliye mkavu na mwenye joto ndiye tunayemtaka, naye huendelea na dawa zake za kila siku.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Siku ya kwanza alikuwa amefurika. Siku ya nne alikuwa amekauka, katika joto la Garsen, huku akiendelea kumeza vidonge vile vile kwa hesabu ile ile. Ugonjwa ulikuwa umehama fungu, na hakuna aliyejua.

Namba nzuri si uzima

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba namba ni kila kitu. Kulikuwa na wakati ambapo madaktari walivutiwa na dawa zinazouchapa moyo ukaze kwa nguvu. Katheta ilionyesha matokeo ya kupendeza: damu iliongezeka na shinikizo likashuka. Lakini mwaka 1991 utafiti wa dawa moja ya namna hiyo, milrinoni, ulionyesha kwamba wagonjwa walioitumia kwa vidonge kila siku walikufa kwa wingi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ilikuwa kama kumchapa punda aliyechoka. Kweli atapiga mbio, lakini hatafika mbali.

Kinyume chake, kuna dawa ziitwazo vizuia beta ambazo mwanzoni huupunguzia moyo nguvu na kasi. Kwa miaka mingi zilikatazwa kabisa kwa wagonjwa hawa. Kufikia mwaka 1999 tafiti kubwa zilithibitisha kwamba zikianzwa kidogo kidogo na kuongezwa polepole, huwarefushia maisha wagonjwa ambao moyo umelegea. Punda amepumzishwa.

Katheta yenyewe nayo ilijaribiwa. Mwaka 2005 matokeo ya utafiti wa wagonjwa 433 wa Marekani na Kanada yalionyesha kwamba kuwapitishia katheta wagonjwa wote wa hali mbaya hakukuwaongezea siku za kuishi nje ya hospitali. Haikuwa na maana kwamba kupima ni bure. Katheta bado hutumiwa pale ambapo daktari ametatizika, au kabla ya upasuaji mkubwa. Fundisho ni kwamba kipimo hakimponyi mtu. Kinachomponya ni uamuzi sahihi unaofuata kipimo.

Vipimo vilivyo karibu

Pengine msomaji atauliza: katheta ya California inamhusu nini mzee wa Garsen, ambaye kutoka kwake hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100? Jibu ni kwamba maswali yale matatu yanaweza kujibiwa, ingawa si kwa usahihi ule ule, kwa vyombo vya kawaida.

Cha kwanza ni mashine ya presha. Utafiti wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao. Ilhali presha ndiyo mama wa maradhi haya. Katika utafiti wa wagonjwa 1,006 wa nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, uliochapishwa mwaka 2012, presha ilikuwa chanzo kikuu cha moyo kushindwa, ikihusika kwa asilimia 45. Umri wa wastani wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 52. Utafiti wa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa 2014, ulipata picha karibu sawa na hiyo. Basi yule anayesema "ni uzee tu" anakosea hata kwa hesabu ya miaka.

Cha pili ni shingo. Mgonjwa akiegemea nusu ya kulala, daktari au muuguzi hutazama mshipa wa shingoni. Damu iliyomo hupanda na kushuka kulingana na shinikizo la upande wa kulia wa moyo, na kimo chake kikizidi sentimita 3 au 4 juu ya mfupa wa kifua, ni dalili kwamba shinikizo liko juu. Hiyo ni nguzo ya kupimia mto ambayo kila mtu amezaliwa nayo.

Cha tatu ni mizani. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Mtu hawezi kunenepa kilo mbili za nyama kwa siku tatu. Uzani ukipanda hivyo kwa mgonjwa wa moyo, ni maji. Ukishuka upesi kupita kiasi alichoambiwa, maji yanakwisha.

Cha nne ni picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, iitwayo eko. Huonyesha kama moyo umelegea au umekakamaa, kama vali zimeharibika, na kiasi cha damu kinachosukumwa kila pigo. Haipatikani katika kila zahanati, lakini si lazima ibaki mali ya miji mikubwa. Nchini Rwanda, kuanzia mwaka 2006, wauguzi wa hospitali za wilaya za mashambani walifundishwa kutumia mashine ndogo ya eko kujibu maswali machache muhimu, wakisimamiwa na madaktari. Walianzisha tiba papo hapo, na wagonjwa waliohitaji upasuaji wakatambuliwa mapema.

Kwa wenye uwezo kuna kifaa kingine. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha chombo kidogo kinachowekwa ndani ya mshipa wa mapafu, ambacho humpelekea daktari namba za shinikizo mgonjwa akiwa nyumbani. Katika utafiti wa watu 550 uliochapishwa 2011, kulazwa hospitalini kwa sababu ya moyo kushindwa kulipungua kwa zaidi ya robo katika miezi sita ya kwanza. Siri yake ni kwamba shinikizo huanza kupanda siku nyingi kabla miguu haijavimba, kama vile habari ya maji ya Garissa inavyoweza kuwatangulia watu wa Garsen kwa siku kadhaa. Anayepata habari mapema huhamisha mbuzi wake mchana. Anayengoja maji yaingie ndani huhama usiku.

Simu ya Jumapili

Basi yule binti wa Nairobi afanye nini? Swali la "miguu ikoje" si baya, ila jibu lake litakuwa "alhamdulillahi" hadi siku mzee atakapoanguka. Na aulize maswali yenye jibu la namba. Baba, unalala na mito mingapi? Leo asubuhi mizani imesema kilo ngapi? Juzi ilikuwa ngapi? Presha ilipopimwa ilikuwa ngapi? Unatembea hadi wapi kabla ya kusimama kuvuta pumzi?

Mizani ya nyumbani iwekwe juu ya sakafu ngumu, na mzee apande kila asubuhi baada ya kwenda haja ndogo na kabla ya kula, akiwa amevaa nguo za namna moja. Mjukuu aandike namba daftarini. Ikipanda kwa zaidi ya kilo 2 katika siku tatu, au pumzi ikizidi kubana, aende hospitali bila kungoja soko lipite. Akiwa na kizunguzungu, mkojo mchache au ameharisha na kutapika, vilevile aende, kwani huenda dawa ya maji imezidi. Asiongeze wala kupunguza kidonge kwa kukisia, na asimeze cha jirani. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi ghafla, au makohozi yenye povu jekundu ni jambo la dharura.

Na binti anaporudi likizo, aache kule mjini ile mifuko ya vibanzi vya chumvi. Mtu wa pwani hapendi kuambiwa aache ng'onda, lakini chumvi huvuta maji, na kwa moyo uliochoka kila kijiko ni mvua huko juu mtoni. Badala yake amletee baba yake mizani. Si zawadi ya kupigiwa vigelegele, na huenda mzee akaikejeli wiki nzima. Lakini Jumapili itakayofuata, simu ikilia na sauti ya mzee ikisema "kilo sitini na moja, mwanangu, kama jana", binti atajua habari ya baba yake kuliko alivyoijua mwaka mzima.